Tuliyofunzwa na Babu na Bibi

Mtoto hufunzwa na watu wengi. Wazazi humlisha na kumwonya. Mwalimu humfundisha kusoma na kuhesabu. Lakini wengi wetu tukikumbuka utoto, tunawakumbuka zaidi babu na bibi. Hao ndio waliotupenda bila kuchoka.

Je, mapenzi yale yalikuwa ya kutufurahisha tu? La. Yalikuwa pia elimu. Katika somo hili tutaangalia mfano wa Usukuma, hasa mkoa wa Shinyanga.

Utani una kazi yake

Katika makabila mengi ya Tanzania, babu na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu". Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu". Bibi husema, "Mume wangu, leo umeniletea nini? Au nitalala njaa?" Mtoto hucheka, halafu hukimbia kumletea bibi kuni.

Utani huu una maana. Mtoto huwaheshimu wazazi wake, na mara nyingi huwaogopa. Kuna maneno hawezi kuwauliza. Lakini kwa bibi huuliza lolote. Akikosa, hukimbilia kwa babu. Babu humtetea kwanza, kisha humwonya taratibu wakiwa wawili tu. Onyo la namna hiyo haliumizi, na mtoto halisahau.

Jikoni kwa bibi

Usukumani viazi vitamu hulimwa kwa wingi. Lakini viazi vikishachimbwa haviwezi kukaa muda mrefu. Huoza au huliwa na wadudu. Bibi anajua la kufanya.

Anamenya viazi vibichi, anavikata vipande vyembamba, kisha anavianika juani. Hiyo ndiyo michembe. Au anavichemsha kwanza, halafu anavikata na kuvianika. Hayo ndiyo matobolwa. Vikikauka vizuri na kuwekwa mahali pakavu, hukaa miezi mingi. Mvua ikikosekana, chakula kipo.

Mjukuu hupewa kazi ya kufukuza kuku wasile viazi vilivyoanikwa. Anadhani anacheza. Kumbe anajifunza kuweka akiba. Anaona bibi akichagua masuke bora ya mtama na kuyaning'iniza juu ya jiko, moshi uyalinde na wadudu. Akitaka kuyagusa, huambiwa kwamba mbegu hailiwi, hata siku ya njaa. Mtu aliyeona hayo akiwa na miaka 6 huyafanya akiwa na miaka 60.

Motoni kwa babu

Jioni wanaume na wavulana waliota moto nje ya nyumba. Wasukuma huuita moto huo shikome. Hapo wazee walitega vitendawili, walisimulia habari za ukoo, na walieleza sheria za kijiji. Mtoto alijifunza kusikiliza kabla ya kusema.

Mchana babu alitembea na mjukuu nyuma ya ng'ombe. Alimtajia mti huu na ule: huu ni malisho, huu ni kivuli, huu haukatwi. Alimwonyesha pia ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua. Mifugo hairuhusiwi kuingia, ili majani na miti vikue. Kiangazi kikifika na majani yakiisha kwingine, ngitili hufunguliwa. Hivyo ng'ombe hawafi kwa njaa.

Maarifa yaliyorudisha miti

Katika karne ya 20 miti mingi ya Shinyanga ilikatwa. Wakati wa ukoloni mapori yalifyekwa ili kuua mbung'o. Mashamba ya pamba yalipanuliwa. Mifugo iliongezeka. Katika miaka ya 1970 watu walihamia katika vijiji vipya, na ngitili nyingi zikabaki bila wenyewe. Ardhi ikawa tupu. Upepo na maji vikachukua udongo.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI. Wakati huo ngitili zilizobaki hazikufika hekta 1,000. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu.

Mwanzoni wataalamu walihimiza kupanda miche. Lakini wenyeji walikuwa na jambo walilolijua tangu utoto. Ardhini mlikuwa bado na visiki na mizizi hai. Ardhi ikifungwa kama zamani, miti itachipua yenyewe. Wataalamu walisikiliza. Familia na vijiji vikafunga ngitili tena. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Fikiri jambo hili. Kama wazee wasingewaonyesha wajukuu wao ngitili, nani angekumbuka namna ya kuzifunga?

Macho mekundu ya bibi

Lipo jambo la aibu ambalo lazima tuliseme. Katika sehemu hizo hizo za Usukuma, wazee wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu.

Macho ya bibi yanakuwa mekundu kwa sababu gani? Bibi amepika miaka mingi katika jiko lenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Moshi huwasha macho. Macho yale ni mekundu kwa ajili ya ugali tuliokula sisi. Anayemwua bibi kwa macho yake anamlipa mabaya kwa mema. Tena mbele ya sheria yeye ni mwuaji.

Mtu akisikia bibi wa jirani anasingiziwa, asinyamaze. Atoe habari mapema kwa viongozi wa kijiji na polisi. Naye bibi mwenye macho mekundu apelekwe zahanati akatibiwe. Tumjengee jiko lenye bomba la kutolea moshi.

Tumia kalamu yako

Zamani mzee alipokufa, mengi aliyoyajua yalizikwa naye. Hapakuwa na mtu wa kuyaandika. Sasa wewe unajua kuandika. Fanya hivi:

1. Tafuta daftari. Andika jina la babu au bibi na mahali alipozaliwa.
2. Muulize jambo moja kwa siku. Kwa mfano: Mliwekaje mbegu? Njaa ilipokuja mlikula nini? Kijiji hiki kilianzaje?
3. Andika kama anavyosema. Kisha msomee, akusahihishe.
4. Wasomee watoto wako jioni.

Si kila jambo la zamani ni jema. Wapo wazee waliomkataza mama mjamzito kula mayai, na mayai ni chakula kizuri kwake. Chagua lenye faida, ulitumie. Lisilo na faida uliache, bila kumdharau aliyelisema.

Kama babu na bibi yako wamekwisha kufa, andika unayoyakumbuka wewe. Huenda sasa wewe mwenyewe ni babu au bibi. Basi mwite mjukuu wako, mtanie kidogo, na umpe kazi ya kufukuza kuku.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mtoto humwuliza bibi mambo asiyoweza kumwuliza baba?
2. Michembe na matobolwa hutofautianaje?
3. Ngitili hufungwa wakati gani, na kwa nini?
4. Kijijini kwenu wazee wanatunzwaje? Mnaweza kufanya nini zaidi?
5. Andika jambo moja ulilofunzwa na babu au bibi, ambalo unalifanya hadi leo.