Gari la vitofali lenye rimoti: faida iko kwa fundi, haiko kwenye rafu

SAME. Mfanyabiashara wa Same anayefuata mzigo Kariakoo hukutana na magari ya kuchezea ya kila aina, yakiwamo yale madogo yanayojengwa kwa vitofali vya plastiki. Gari la aina hiyo likiwa tupu husukumwa kwa mkono. Likifungwa mota, betri na rimoti, bei yake hupanda sana. Swali la mwekezaji mdogo ni moja: je, ongezeko hilo la bei ni faida, au ni mtaji unaokwenda kulala?

Uchambuzi wa wiki hii unaonyesha kuwa jibu linategemea namna mtu anavyoiingia biashara yenyewe. Anayeijaza rafu atajuta. Anayeuza ufundi kwa oda anaweza kupata riziki.

BIDHAA YENYEWE

Kitofali hiki asili yake ni Denmark. Kampuni ya LEGO iliombea hataza yake Januari 28, 1958, na hataza hiyo ilikwisha muda wake zamani. Septemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa umbo la kitofali haliwezi kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Ndiyo maana viwanda vya China vinatengeneza vitofali vinavyoingiliana na vya LEGO na kuviuza kwa majina yao wenyewe.

Hata hivyo, mfanyabiashara asichanganye mambo mawili. Kitofali kinachoingiliana ni halali. Boksi lililoigwa jina, nembo na picha ni bidhaa bandia. Mwaka 2019 polisi wa Shanghai waliwakamata watengenezaji wa vitofali vya Lepin vilivyoiga seti za LEGO, na mwaka 2020 kiongozi wao alihukumiwa kifungo cha miaka sita. Hapa nchini Tume ya Ushindani ndiyo inayofuatilia bidhaa bandia, na hasara ya mzigo uliokamatwa humwangukia mwenye duka.

NAFASI NDANI YA GARI

Kazi ya kubadili gari huanza na rula. Vinundu vya kitofali vimepangwa kwa umbali wa milimita 8. Gari lenye upana wa vinundu sita lina milimita 48, na la vinundu vinane lina milimita 64. Kisanduku cha LEGO cha kubeba betri sita za AAA kina milimita 32 kwa 64. Ukikiingiza ndani ya gari la milimita 48, nafasi ya dereva imekwisha, na mota bado hujaiweka.

Kwa sababu hiyo mafundi wa magari madogo hutumia mota ndogo zenye gia ndani yake, zinazojulikana sokoni kama N20. Upana wake ni milimita 12 na unene milimita 10, hivyo huingia katika nafasi ya vinundu viwili. Tatizo lake ni kiungo. Ekseli ya vitofali ina umbo la msalaba, wakati shafti ya mota ni ya mviringo uliokatwa upande mmoja. Kiungo cha kati kisiponunuliwa pamoja na mota, kazi yote itasimama kwa kukosa kipande kidogo kuliko ukucha.

Mota moja huendesha magurudumu ya nyuma. Ya mbele huhitaji mota ya usukani, yaani servo, ambayo hugeuka kwa kiasi na kurudi katikati. Anayetaka kupunguza gharama anaweza kuweka mota mbili nyuma, moja kila upande, na gari likakata kona kwa kuzidisha mwendo wa upande mmoja.

MILIMA INATAKA NGUVU

Gari lililojaribiwa kwenye vigae vya Dar es Salaam si gari la Chome wala Mamba. Hapa kuna vumbi, changarawe na mwinuko, na gia ndiyo inayoamua. Gia ya meno 8 ikisukuma ya meno 24, nguvu ya kuzungusha inaongezeka karibu mara tatu na mwendo unashuka hadi theluthi.

Tuchukue mota ya mizunguko 300 kwa dakika na gurudumu lenye kipenyo cha milimita 30. Bila gia ya ziada, gari litakwenda kama mita 28 kwa dakika. Ukiongeza gia hiyo, litakwenda mita 9 na kidogo, lakini litapanda. Mteja wa tambarare ya Same mjini na mteja wa milimani hawataki gari moja, na muuzaji anapaswa kuuliza kabla ya kufunga.

Jua nalo lina usemi wake. Mfumo wa LEGO uliotoka mwaka 2007, Power Functions, ulitumia rimoti ya mionzi kama ya televisheni. Mionzi hiyo hushindwa na jua kali, hivyo uani saa sita mchana gari halisikii. Mfumo wa Powered Up, ulioanza mwaka 2018, unatumia Bluetooth na unaweza kuendeshwa hata kwa simu, lakini plagi zake haziingii katika zile za zamani. Mfanyabiashara anayeuziwa vifaa vya mfumo wa zamani kwa bei ya kutupa ajiulize spea atazipata wapi. Rimoti za redio za gigahezi 2.4 hufanya kazi vizuri juani, na anayeziingiza kwa wingi aulize kwanza TCRA kuhusu idhini ya vifaa vya mawasiliano.

BETRI NDIYO DUKA

Betri za kawaida za redio huchoka upesi zikisukuma mota. Zile za kuchaji za aina ya NiMH zina volti 1.2 kila moja na hustahimili zaidi. Betri ya lithiamu ya volti 3.7 ndiyo ndogo na nyepesi kuliko zote. Yenye uwezo wa milliampia 500 kwa saa, gari likila wastani wa milliampia 400, kwa hesabu ya karatasi itadumu saa moja na robo. Kwa kupanda mlima itadumu pungufu ya hapo.

Lakini betri hii si ya mzaha. Isizidishwe volti 4.2 wakati wa kuchaji, isiachwe kushuka chini ya volti 3, na chaja yake iwe ya lithiamu. Iliyovimba haichajiwi tena. Kadhalika, rimoti zinazotumia betri za kidonge ziwe na mfuniko wa skrubu, maana mtoto akimeza kidonge hicho anaweza kuungua koo kwa saa chache tu.

HESABU YA MTAJI

Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili msomaji aone mwenendo wake. Gari la vitofali shilingi 25,000; mota mbili 8,000; rimoti na kipokezi 30,000; betri na chaja 12,000; usafiri 5,000; ufundi wa saa nne 12,000. Jumla ni shilingi 92,000. Likiuzwa 110,000, faida ni 18,000, karibu asilimia 20. Inapendeza.

Sasa tuangalie muda. Gari hilo likikaa kwenye rafu miezi sita, faida ni hiyo hiyo 18,000. Shilingi 92,000 hizo hizo zikizungushwa kwenye sabuni na sukari kwa faida ya asilimia 4 kila wiki mbili, zitazunguka mara 13 na kuleta shilingi 47,840. Asilimia kubwa imeshindwa na mzunguko wa haraka.

Mwenye busara basi hawezi kujaza magari dukani. Anaweka gari moja la maonyesho na kuchukua oda kwa malipo ya awali yanayotosha kununua vifaa vyote. Hapo mtaji ni wa mteja, na shilingi 12,000 za ufundi ni zake bila fedha yake kulala. Meza hiyo hiyo yenye pasi ya kulehemu na bisibisi itatengeneza magari ya rimoti yaliyokufa waya, na itauza betri na chaja mwaka mzima.

UFUNDI SI MGENI UPARENI

Wahunzi wa Ugweno, Upare Kaskazini, waliyeyusha chuma kabla ya ukoloni na kukiuza hadi Uchagani. Hawakuuza mchanga wenye madini. Waliuza kazi ya mikono juu ya mchanga huo. Watoto wa milimani nao hadi leo hutengeneza magari ya waya na mbao yenye magurudumu ya ndala kuukuu. Kijana aliyekwishaunda usukani wa waya unaogeuza magurudumu ya mbele hahitaji kufundishwa upya servo inafanya nini. Anahitaji mota, betri na mtu wa kumlipa.

Soko lenyewe ni dogo na lina msimu. Desemba wenyeji wanaofanya kazi mijini hurudi nyumbani na fedha ya zawadi, na oda zichukuliwe Oktoba na Novemba ili vifaa viwahi kufika. Baada ya Januari duka litegemee matengenezo na betri.

Kwa mwekezaji mdogo ushauri ni huu: nunua vifaa kwa oda, andika dhamana ya matengenezo kwenye risiti, na usinunue gari la pili la maonyesho kabla la kwanza halijaleta wateja watano.