Mvua Hainyeshei Nyumba Moja

Katika kazi yangu ya uuguzi kuna lalamiko moja ambalo hunisikitisha kila nikilisikia: "Sista, ameniibia jina." Mama anayelitoa huwa yuko karibu kujifungua, au amejifungua majuzi tu. Jina alilokuwa amelitunza moyoni limeshachukuliwa na rafiki, na wifi au na jirani wa ploti moja. Basi salamu zinapungua, na watu waliokuwa wakipokezana watoto mgongoni wanaanza kupitana kimya kwenye mfereji wa maji.

Nimefanya kazi katika wodi za kina mama Njoro, kisha Molo, na sasa niko mjini Nakuru. Nimewaona akina mama wa kila kabila linaloishi katika Bonde hili la Ufa, na nina jambo moja la kuwaambia wazazi: jina halina hatimiliki. Aliyeanza kulitumia hakulinunua, na anayelitumia baada yake hakuiba. Kinachovunja undugu ni namna tunavyolichukua.

Mimi naitwa Wambui, jina la nyanya yangu mzaa baba. Baba yangu ana ndugu wa kiume, na kila mmoja wao ana Wambui wake. Tulipokusanyika Bahati wakati wa Krismasi, nyanya alikuwa akiita "Wambui!" na wasichana wanaitika kutoka jikoni, kisimani na zizini. Ikabidi aongeze jina la baba: Wambui wa Kamau, Wambui wa Njoroge. Sijawahi kusikia shangazi hata mmoja akinung'unika kwamba jina la bintiye limechukuliwa. Tulijua tumeitwa mtu mmoja, na jambo hilo lilitufanya tupendane zaidi.

Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu yake mzaa baba, na wa pili babu yake mzaa mama. Msichana wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba, na wa pili nyanya mzaa mama. Wanaofuata huitwa ndugu za baba na ndugu za mama, kwa zamu. Mzazi hachagui, anafuata foleni.

Mfano unaojulikana na Wakenya wote ni familia ya Mzee Jomo Kenyatta. Baba yake aliitwa Muigai na mama yake Wambui. Mke wake wa kwanza, Grace Wahu, alimzalia Peter Muigai, na pia Margaret Wambui ambaye alikuja kuwa meya wa Nairobi kuanzia 1970 hadi 1976. Mke mwingine, Grace Wanjiku, akamzaa Jane Wambui. Mkewe Mama Ngina naye akamzaa Kristina Wambui, kisha mwaka 1961 Uhuru Muigai, ambaye alikuja kuwa rais wa nne. Baba mmoja, kina Wambui watatu na kina Muigai wawili! Watoto wengine wa Mama Ngina, Nyokabi na Muhoho, walipewa majina ya wazazi wa mama yao. Kila nyumba ilikuwa na haki ya kumzaa upya mzee wa ukoo, na nyumba iliyotangulia haikuweza kuizuia inayofuata.

Hutokea pia kwamba babu wote wawili wana jina moja. Hapo nyumba moja inapata kina Kamau wawili, ndugu wa tumbo moja. Familia nyingi hutatua jambo hilo kwa lakabu: mtoto wa pili anapewa jina la utani alilojulikana nalo babu yake, au la kazi aliyoifanya, na heshima inabaki palepale.

Mimi niliolewa na Mkipsigis wa Kuresoi, na huko nilikuta utaratibu mwingine kabisa. Wakalenjin, Wakipsigis wakiwamo, humpa mtoto jina la wakati au hali aliyozaliwa ndani yake. Aliyezaliwa alfajiri ni Kipkoech au Chepkoech. Aliyekuja mchana ni Kibet au Chebet. Ng'ombe wakiwa wanarudi nyumbani, ni Kiprotich au Cherotich. Mbali na hilo kuna jina la roho, ambalo kina mama wazee hulitafuta kwa kutaja marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine mpaka mtoto apige chafya. Aliyetajwa wakati wa chafya ndiye aliyekubali kurudi.

Binti yetu alizaliwa masika, mvua ikipiga bati mpaka tukawa hatusikilizani. Mama mkwe akamwita Cherop papo hapo. Nyumba ya pili kutoka kwetu palikuwa na Cherop mwingine, mtoto wa rafiki yangu wa karibu, nami nikaona haya. Nikamuuliza mama mkwe, "Mama, hatutamuudhi mwenzetu?" Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Kwani mvua ilinyesha kwake peke yake?" Jioni ile rafiki yangu alikuja na chupa ya maziwa lala, akambeba mtoto na kumwita wajina wa binti yake.

Majina ya aina hii yanaweza kufanana hata mbele ya ulimwengu mzima. Mbio za marathoni za Boston zimewahi kuwa na washindi wawili wanaoitwa Robert Cheruiyot, wote Wakenya. Wa kwanza alishinda mwaka 2003, kisha mfululizo mwaka 2006, 2007 na 2008. Wa pili alishinda mwaka 2010 kwa saa 2, dakika 5 na sekunde 52. Kilichowatenganisha vitabuni ni jina la katikati: mmoja ni Kipkoech, mwingine ni Kiprono. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai alishinda New York na Emmanuel Mutai akawa wa pili. Ushindi wa mmoja haukupunguza heshima ya mwenzake.

Kama mababu zetu waliishi hivi, ugomvi wa leo umetoka wapi? Kwa jinsi ninavyouona wodini, unatokana na jina la kwanza, lile tunaloliita la ubatizo au la Kizungu. Zamani majina hayo yalikuwa machache, ya Biblia na ya watakatifu: John, Peter, Mary, Esther. Kijiji kizima kilikuwa na kina Mary, na hakuna aliyejali. Leo wazazi huyatoa kwenye filamu, kwenye mpira, kanisani na kwenye intaneti. Na kwa kuwa jina la kabila limekwisha kuamuliwa na ukoo au na mvua, hilo la kwanza ndilo pekee ambalo mama anahisi amelichagua mwenyewe. Amelikeshea, amelijaribu na jina la baba ili asikie kama yanapatana, amelinong'ona tumboni. Rafiki yake akilitangulia, anaona amenyang'anywa kitu chake mwenyewe. Uchungu huo ni wa kweli, na simdharau hata mmoja aliyenililia kwa sababu hiyo.

Lakini sheria haimtambui mwizi wa jina. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina na uraia tangu anapozaliwa, na haisemi kwamba jina hilo lazima liwe lake peke yake. Kuzaliwa kwa mtoto kunapaswa kusajiliwa ndani ya miezi 6. Aliyejifungulia hospitalini huandikiwa fomu palepale. Aliyejifungulia nyumbani huenda kwa naibu wa chifu. Mzazi akibadili nia baada ya kusajili, Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inampa nafasi ya kusajili jina jipya ndani ya miaka 2. Kwa hiyo usikimbilie kuandika jina kwa hasira eti umuwahi jirani. Una muda.

Wengine huniuliza kama majina kufanana hakutaleta mkorogano. Yanaweza, lakini dawa yake ipo. Wodini kwetu mtoto mchanga huvalishwa utepe ulioandikwa jina la mama. Kuna usiku tunapokea kina Mary Wanjiku wawili, vitanda vinatazamana. Hapo utepe unaongezewa namba ya hospitali, jinsia ya mtoto na saa aliyozaliwa, na tunausomea mama kwa sauti kila tunapomkabidhi mtoto. Fanyeni vivyo hivyo maishani. Mpe mtoto majina matatu, hakikisha herufi ni zilezile kwenye cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki na shuleni. Kama binamu yake wa nyumba ya pili ana jina la kwanza na la baba yanayofanana na yake, badilisha angalau moja. Simuni mwenu tayari mna Wanjiru Mboga, Wanjiru Saluni na Wanjiru wa Kanisa, na hampotezani.

Liko jina moja tu ambalo nawaomba msiliguse kabla ya kuuliza: la mtoto aliyefariki. Rafiki yako akiwa amempoteza mtoto, usimtangazie jina lile kwenye sherehe. Wapo wanaofarijika kulisikia likiitwa tena, na wapo ambao kila likiitwa kidonda kinafunguka upya. Majirani zetu Wamaasai, katika mila yao ya kale, walilichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa: mtoto au kijana akifa jina lake lilizikwa naye, na jamaa aliyekuwa nalo alibadilishiwa. Nenda kwake, kaa naye, muulize. Akikataa, tafuta jingine bila kinyongo.

Hapa kwetu jina lina uzito mwingine ambao hatupaswi kuusahau. Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba, Nakuru na Naivasha ziliwaka moto. Watu walidaiwa vitambulisho barabarani, na jina la mtu lilitosha kumponza. Ndiyo maana huwa nashukuru sana mama wa kabila jingine anaponiomba jina. Kule Molo yupo msichana wa Kikalenjin anayeitwa Wambui kwa sababu nilikesha na mama yake usiku mgumu. Yuko pia mvulana wa Kikikuyu anayeitwa Kiprono, jina la jirani aliyewaficha wazazi wake wakati ule wa vurugu. Majina hayo yalikuwa na wenyewe, na kwa kuwa yalikuwa na wenyewe ndiyo maana yakachaguliwa.

Basi mzazi mwenzangu, kama jina unalolipenda limeshatumiwa na mtu unayemjua, lichukue, lakini mwambie kabla hajalisikia kwa watu. Mpigie simu au nenda kwake, umweleze ni kwa nini unalipenda. Nawe ambaye jina lako limechukuliwa, usinune. Beba unga na sukari uende ukamwone mtoto, umpakate, umwite wajina. Watoto hao watakaa dawati moja, watacheza uwanja mmoja, na pengine watafaana siku ambayo sisi wazazi hatutakuwapo. Tusiwarithishe ugomvi kwa jambo ambalo lingewafanya ndugu.