Chokaa Ubongoni na Mbiu Isiyo na Adui

Mwaka 1984 matabibu wa Ufaransa, Jean Aicardi na Françoise Goutières, waliandika habari za watoto wachanga 8 ambao picha za vichwa vyao zilionyesha madoa ya chokaa katikati ya ubongo, na maji ya uti wa mgongo wao yalikuwa na chembe nyeupe za damu kupita kiasi, kana kwamba adui amewaingia tangu tumboni mwa mama zao. Lakini kila alipotafutwa adui huyo, hakuonekana. Chokaa hiyo, kwa hakika, ni chumvi za kalsiamu na fosfati, zile zile zinazoupa mfupa ugumu wake.

Mwaka 1988 ikabainika kwamba maji yale yalikuwa na interferoni kwa wingi. Interferoni ni mbiu ya mgambo ya mwili: chembe iliyoshikwa na virusi huipiga ili jirani zake wajihadhari. Wahenga walisema ikilia kuna jambo, na hapa ilikuwa ikilia usiku na mchana pasipo jambo. Jawabu lilianza kupatikana mwaka 2006, ilipogunduliwa hitilafu katika jeni iitwayo TREX1, ambayo kazi yake ni kufagia vipande vya DNA vilivyochakaa ndani ya chembe. Visipofagiwa, walinzi wa mwili huvidhania kuwa ni vya virusi, wakaishambulia nyumba waliyowekwa kuilinda.

Je, basi kinga ndiyo mkosaji? Mimi nisingeharakisha kuhukumu. Mwaka 2021 wataalamu wa Zurich, wakiwachunguza panya ambao mishipa yao midogo ya ubongo hushika chokaa kwa hitilafu nyingine ya kurithi, waliziondoa mikroglia, yaani walinzi wakaao ubongoni daima, na chokaa, badala ya kupungua, ikazidi. Kumbe walinzi hao ndio waliokuwa wakiizuia!

Kwa watoto wenye maradhi ya Aicardi na Goutières imejaribiwa dawa iitwayo baricitinib, ambayo huituliza mbiu ile, na baadhi yao wamepata nafuu. Lakini kwa kuwa dawa hiyo huituliza hata pale adui wa kweli anapobisha hodi, mtoto anayeitumia hana budi kuwa chini ya uangalizi wa daktari, asije akashikwa na maambukizo.