Fahamu: Droni huchoraje picha angani usiku?

Kitui, Kenya, ilipoandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa katika uwanja wa Ithookwe, Oktoba 20, 2025, gwaride na hotuba zilikuwa za mchana. Ingehitajika nini kulipamba anga hilo usiku, kama inavyofanywa kwenye bustani za burudani za Marekani?

Fataki ndizo rahisi. Mwaka 2004 bustani ya Disneyland ilianza kuzirusha kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya baruti, moshi ukapungua. Kifaa kidogo cha elektroniki ndani ya fataki huamua ilipuke lini, sambamba na muziki.

Utamu uko kwenye droni. Wengi hudhani kila moja ina mtu anayeiongoza. Sivyo. Msanifu huchora picha kwenye kompyuta, kisha programu huipa kila droni njia yake na rangi za taa yake kabla haijaruka. Kinachosumbua ni droni kujua ilipo. GPS ya simu yako hukosea kwa mita kadhaa. Kwa kosa hilo zingegongana ovyo. Basi mtambo huwekwa ardhini, mahali palipopimwa barabara, ukikokotoa kosa la mawimbi ya setilaiti na kuzitumia droni masahihisho hadi kosa libaki sentimita chache tu.

Betri nazo huisha upesi, ndiyo maana shoo nyingi hazifiki nusu saa. Mvua na upepo mkali huzizuia kabisa. Kiangazi kirefu cha Kitui na Makueni, kinachowatesa wakulima, kingezifaa droni hizi, mradi KCAA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ndege Kenya, itoe kibali.