Kilatini Ukingoni mwa Jiwe

Mvua inayonyesha Nyansiongo huteremka kwa vijito na mito hadi Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo hutokea Jinja yakawa Mto Nile. Mtoto wa hapa huyachota kwa jerikeni kabla ya kwenda shule. Kule London, ndani ya Westminster Abbey, jiwe la kaburi la David Livingstone, mmisionari na msafiri, linayazungumzia kwa Kilatini.

Maneno hayo yamechongwa ukingoni mwa jiwe. Yanatokana na utenzi wa Lucan, mshairi wa Roma wa karne ya 1: Julius Caesar, akiwa Misri, anamwambia kuhani kwamba hakuna analotamani kulijua zaidi kuliko chimbuko la Nile, lililofichika kwa karne nyingi. Yasome polepole. Hayadai kwamba marehemu alilipata, yanasema alilitamani tu. Ndivyo ilivyokuwa. Livingstone aliitafuta Nile karibu na vinamasi vya Bangweulu, Zambia ya leo, ambavyo maji yake huingia Mto Kongo. Alifia hapo, kijijini kwa Chitambo, tarehe 1 Mei 1873.

Katikati ya jiwe, kwa Kiingereza, imeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu, nchi kavu na baharini. Mikono ya nani? Jiwe halisemi. Ni ya watumishi na wapagazi wake: Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani kwa chumvi, wakaufunga kwa nguo na gome, wakaubeba kwa miezi tisa hadi Bagamoyo. Mgusii anayefia Nairobi hurudishwa akazikwe nyumbani kwao, hata kama ndugu watachangishana mpaka senti ya mwisho. Msomaji wa Nyansiongo anawaelewa wapagazi hawa bila kamusi. Lakini mazishi yalipofanyika, tarehe 18 Aprili 1874, ni Wainwright peke yake kati yao aliyekuwepo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye.

Kwangu mimi, maandishi ya haki zaidi ni yale ya kwanza, aliyoyachonga Wainwright kwa mkono wake kwenye shina la mti ule kwa Chitambo. Pamoja na jina la Livingstone, aliyaweka majina ya baadhi ya wenzake. Kipande cha shina hilo kimehifadhiwa London, katika Royal Geographical Society.