Madoa ya Jua na Maji ya Ziwa Victoria



Mwezi Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, nchini Uganda, yakaipita kidogo rekodi ya Mei 1964. Maji yaliingia katika makazi na magati ya Uganda, Kenya na Tanzania. Maji yanapovamia makazi, askari ni miongoni mwa wanaoitwa kwanza. Kwa hiyo swali la nini hulipandisha ziwa hili si la wataalamu peke yao.

Jibu moja la zamani lilikuwa jua. Mwaka 1923 Mwingereza C. E. P. Brooks alilinganisha vipimo vya ziwa tangu 1896 na hesabu ya madoa meusi yaonekanayo usoni mwa jua. Madoa hayo ni dalili ya msukosuko wa nguvu za sumaku za jua, nayo huzidi na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi. Brooks aliona kwamba madoa yalipozidi, ziwa nalo lilijaa; yalipopungua, likashuka. Ulinganifu ulikuwa wa ajabu, na ingekuwa faraja kubwa kuyajua mafuriko miaka mingi kabla. Lakini vipimo vilivyofuata viliukana. Mwaka 2007 watafiti walilifufua wazo hilo kwa sura nyingine, wakisema kwamba katika karne ya 20 mvua nyingi zilitangulia kilele cha madoa kwa mwaka mmoja hivi.

Sasa tutazame rekodi zenyewe. Mwaka 1964 madoa yalikuwa machache kabisa katika mzunguko wake. Mwezi Desemba 2019 vilevile. Yaani ziwa lilivunja rekodi mara mbili wakati jua limetulia!

Jambo lililofanana katika vipindi hivyo viwili lilikuwa baharini. Mwishoni mwa 1961, na tena mwishoni mwa 2019, Bahari ya Hindi ilikuwa na joto upande wa Afrika na baridi upande wa Indonesia. Hali hiyo huleta mvua kubwa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya maji ya ziwa hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe.

Haina maana kwamba jua halina athari yoyote. Mwangaza wake hubadilika kwa takriban sehemu moja katika elfu kati ya kilele na utulivu, na badiliko hilo huonekana katika tabaka za juu za anga. Wapo pia wanaodai kwamba dhoruba za sumaku hubadili mawingu kwa kuzuia miale itokayo anga za mbali. Majaribio ya maabara hayajaonyesha athari ya kutosha. Wala jua haliwezi kubebeshwa lawama ya joto la dunia lililopanda tangu miaka ya 1980, kwa kuwa nguvu zake hazikuongezeka.

Penye uhakika ni katika mawasiliano. Mlipuko mkubwa juani waweza kuizima redio ya masafa mafupi upande wa dunia wenye mchana kwa dakika au saa kadha, na dhoruba ya sumaku huivuruga kwa siku nzima au zaidi. Dhoruba ya Mei 2024 ilikuwa kali kuliko zote tangu 2003. Mpiga simu wa kikosi akikosa kituo siku kama hiyo, huenda mtambo wake ni mzima kabisa.