Kuandaa Mpango wa Kisomo cha Kiswahili kwa Watu Wazima: Kumjua Mwanafunzi Kabla ya Herufi

Utangulizi

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wakasema pia udongo uwahi ungali maji. Methali hizi zimetumiwa kwa muda mrefu kuwahimiza wazazi wawafunze watoto wao mapema. Hata hivyo, zimegeuzwa pia kuwa kisingizio cha kumwambia mtu mzima asiyejua kusoma kwamba wakati wake umepita. Mnamo Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali ya Kenya kuanzisha elimu ya msingi bila malipo, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge, aliyekuwa na umri wa miaka 84, alijiandikisha katika darasa la kwanza la shule moja ya msingi mjini Eldoret. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Aliendelea na masomo hata baada ya kufurushwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na akafariki Agosti 2009.

Kisa cha Maruge kilisifiwa kote ulimwenguni. Swali ambalo halikuulizwa sana ni hili: Je, kitabu cha mtoto wa miaka sita kilimfaa mzee wa miaka 84? Swali hili halimhusu yeye peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa kisomo uliofanywa nchini Kenya mwaka 2006 ulibainisha kwamba asilimia 38.5 ya watu wazima hawakuwa wamefikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Makala haya yanaeleza hatua za kuandaa mpango wa kisomo cha Kiswahili unaomfaa mtu mzima. Hoja kuu ni kwamba mpango wa aina hii hujengwa kwa kumtazama mwanafunzi kwanza, kisha herufi. Anayeanza na herufi hujikuta na darasa tupu kabla ya mwezi kumalizika.

Mwanafunzi ni nani?

Mtaalamu wa Marekani Malcolm Knowles, aliyeieneza dhana ya andragojia, yaani nadharia ya kuwafunza watu wazima, alisisitiza kwamba mtu mzima huja darasani na tajiriba yake, hutaka kujua kwa nini anafunzwa jambo fulani, na hutaka kulitumia mara moja. Kwa hivyo, haifai kumchukulia kama debe tupu linalongoja kujazwa.

Katika mazingira ya Kenya, walengwa wa kisomo cha Kiswahili hawako sawa. Wapo wanaokizungumza Kiswahili kwa ufasaha tangu utotoni lakini hawajui kukisoma. Hawa hawahitaji kufunzwa lugha. Wanahitaji kufunzwa maandishi tu. Kuwakaririsha “hiki ni kiti, hii ni meza” ni kuwatusi. Wapo wengine ambao lugha yao ya kwanza si Kiswahili, nao wamekiokota sokoni na kazini. Hawa huandika wanavyosikia na wanavyotamka. Lugha ya Gikuyu haina sauti /l/, Dholuo haina /z/ wala /sh/, na katika Kikalenjin tofauti ya /p/ na /b/ haibadilishi maana ya neno. Mwanafunzi anayeandika “samba” badala ya “shamba” hakukosea kuandika. Ameandika barabara kile alichokitamka. Mwalimu anayelielewa jambo hili humzoeza kwanza kuzisikia sauti mbili zinavyotofautiana, kisha ndipo amwonyeshe herufi. Asiyelielewa humchorea alama nyekundu, na pengine huo ndio mwisho wa kumwona.

Kundi la tatu husahauliwa kabisa. Katika upwa wa Kenya wamo wazee, wake kwa waume, waliosoma chuoni utotoni na wanaoweza kuisoma hati ya Kiarabu, hata inapoandika Kiswahili. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama akimuusia bintiye, ulihifadhiwa kwa hati hiyo. Kumweka msomaji wa hati hiyo katika daftari la “wasiojua kusoma” ni kutojua mambo. Huyu anajua tayari kwamba alama husimamia sauti. Anachohitaji ni kuhamia hati nyingine inayosomwa kutoka kushoto, na ambayo ina herufi tano za irabu, ilhali hati aliyoizoea ina alama tatu za irabu zinazobeba sauti zote tano. Mtu kama huyu anaweza kuvuka kwa majuma machache iwapo mpango utaitambua elimu yake.

Kwa sababu hizi, hatua ya kwanza ni mahojiano mafupi na kila mwanafunzi, yafanywe kwa mazungumzo wala yasifanywe kama mtihani. Mwanafunzi hutumia lugha zipi? Aliwahi kusoma? Aliachia wapi, na kwa nini?

Mahitaji na malengo

Mwaka 1949 Ralph Tyler alipendekeza maswali manne ambayo hadi leo huongoza utayarishaji wa mitaala: malengo ni yapi, ni tajiriba zipi zitakazoyafikia, zitapangwaje, na itajulikanaje kwamba malengo yamefikiwa? Kwa mtu mzima, swali la kwanza halijibiwi ofisini. Hujibiwa na mwanafunzi mwenyewe.

Mfano wa simu unatosha. Tangu huduma ya M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, fedha za watu wengi hukaa katika simu. Bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu simu na nambari ya siri amtolee pesa. Anapoletewa ujumbe wa ulaghai unaodai kwamba ametumiwa fedha kimakosa na anapaswa kuzirudisha, hana njia ya kuupima. Hali kadhalika, anapokwenda kupiga kura huhitaji mtu wa kumsaidia, na siri ya kura yake inakuwa siri ya watu wawili. Kwa mtu kama huyu, kutojua kusoma ni kuishi bila faragha.

Lengo la mpango, basi, lielezwe kwa kitendo. Badala ya kuandika kwamba “mwanafunzi ajue silabi zote,” iandikwe kwamba “mwanafunzi aweze kutofautisha ujumbe wa kupokea na wa kutuma fedha bila kumwonyesha mtu.” Lengo hili linabeba somo kamili la mofolojia. Maneno “umepokea” na “umetuma” yana viambishi sawa mwanzoni, u- na -me-, na irabu sawa mwishoni. Tofauti imo katika mzizi. Mwanafunzi anayezoezwa kuutazama mzizi amepata ufunguo wa maelfu ya vitenzi.

Uteuzi na mpangilio wa maudhui

Mwaka 1963, katika mji wa Angicos nchini Brazili, Paulo Freire na wenzake waliwafunza wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa takriban saa 40. Mbinu yake ilikuwa kuteua maneno machache yenye uzito katika maisha ya wanafunzi, kuyazungumzia kwanza, kisha kuyavunja katika silabi na kuzitumia silabi hizo kuunda maneno mengine. Freire alikuwa akifunza Kireno. Kiswahili kinaikubali mbinu hii kwa urahisi zaidi, kwa kuwa silabi zake nyingi ni wazi, irabu zake ni tano tu, na maandishi yake hufuata matamshi.

Chukua neno “deni” katika darasa la wachuuzi wa sokoni. Kabla ya kuandika chochote, darasa huzungumza: nani hukopesha, nani hulipa, nani hukana? Kisha neno hugawanywa: de-ni. Kutokana na silabi hizo hujengwa safu mbili: da, de, di, do, du, na, ne, ni, no, nu. Kwa konsonanti mbili na irabu tano, wanafunzi wanaweza kuunda dada, dini, dua, nia, nani, nena, ana, una, nina, na hata dunia. Mwisho wa kipindi cha kwanza wanasoma sentensi kamili: “Dada ana deni.” Wakiongezewa h katika kipindi cha pili, wanaikanusha: “Dada hana deni.” Tofauti ya “ana” na “hana” ni herufi moja, na kila mchuuzi anaijua thamani yake.

Baada ya silabi sahili, huja zile changamano. Hapa mwandalizi hukabiliwa na mvutano kati ya urahisi na mahitaji. Kwa upande wa urahisi, silabi za mb na nd, m ya mwambatano kama ilivyo katika “mtu” na “mkopo”, pamoja na tofauti ya ng na ng', zingecheleweshwa. Kwa upande wa mahitaji, mchuuzi hawezi kungoja miezi mitatu ili asome “mchele” na “ghali”. Njia ya kati ni kuyafunza maneno machache ya lazima kama picha nzima kwanza, kisha kuyachambua silabi zake zinapofikiwa katika mpangilio.

Tanzania iliitumia misingi kama hii kwa mapana. Kuanzia mwaka 1968, kwa ushirikiano na UNESCO, majaribio ya kisomo chenye manufaa yalifanywa katika mikoa inayozunguka Ziwa Viktoria. Vitabu vya kwanza vilihusu kilimo cha pamba, migomba, ufugaji na uvuvi, kila kimoja kwa watu wa kazi hiyo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliunganisha redio, vitabu vyepesi na vikundi vya majadiliano vijijini, ikawafikia watu wapatao milioni mbili.

Pamoja na hayo, kuna hatari ya kuyafasiri mahitaji kwa ufinyu. Anayedhani kwamba mkulima anataka kusoma habari za pamba tu, au kwamba mchuuzi anataka hesabu tu, amewafungia katika kazi zao. Maruge alitaka Biblia. Wengine wanataka kusoma barua za watoto wao, wengine mashairi. Isitoshe, watu wazima ndio hazina ya fasihi simulizi. Mwanafunzi akisimulia hadithi fupi au akitoa methali, mwalimu aiandike ubaoni kama ilivyosemwa, darasa zima liisome. Maandishi hayo yana faida mbili: msomaji anayajua tayari maana yake, na anaona neno lake likiheshimiwa kwa kuandikwa.

Mazingira na mwalimu

Mpango mzuri huweza kuharibiwa na saa mbaya. Darasa lililopangwa siku ya soko au msimu wa kupanda halipati watu, na kosa si lao. Nchini Kenya, wanawake ndio wengi katika madarasa haya. Wanaume aghalabu hujitenga kwa kuona haya. Jina nalo lilichangia. Masomo haya yaliitwa ngumbaru, neno ambalo mitaani liligeuka kuwa tusi la mtu mjinga. Mtu hawezi kutarajiwa kuingia kwa fahari katika mlango ulioandikwa tusi.

Aghalabu mwalimu ni kijana na wanafunzi ni rika la wazazi wake. Hana budi kuwaita kwa majina ya heshima, mzee na mama, na kuwasahihisha kwa faragha au kwa kulirudia jibu sahihi bila kumtaja aliyekosa. Amwite mtu ubaoni pale tu anapojua kwamba ataweza. Aibu ya dakika moja mbele ya majirani hufuta kazi ya majuma mengi.

Tathmini na ufuatilizi

Swali la mwisho la Tyler hudai ushahidi. Katika majaribio ya kitaifa nchini Tanzania, wanafunzi waliwekwa katika viwango vinne. Aliyefikia kile cha juu alipaswa kuweza kuutumia ujuzi wake katika maisha ya kila siku, mathalan kusoma gazeti na kuweka hesabu. Kutojua kusoma kulipungua kutoka takriban asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Tathmini ya vitendo inafaa zaidi kuliko mtihani wa karatasi peke yake: mwanafunzi asome maagizo ya dawa na aseme atameza mara ngapi, ajaze fomu ya kliniki, aandike orodha ya wadeni wake.

Lakini kufaulu si mwisho. Kisomo kisichotumiwa huyeyuka. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 huko Mwanza palichapishwa gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili waliohitimu wapate cha kusoma. Mpango usiopanga watakachosoma wahitimu katika mwaka wa pili umepanga wasahau.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mpango bora wa kisomo hupitia hatua zinazotegemeana: kumjua mwanafunzi na lugha zake, kuyapata malengo kutoka kwake, kuteua maneno yenye uzito na kuyapanga kwa kufuata muundo wa silabi za Kiswahili, kumlinda dhidi ya aibu, na kuupima ujuzi pale unapotumika. Nyingi kati ya hatua hizi zinahitaji maarifa ambayo mwanafunzi wa Kiswahili chuoni huyapata kila siku katika fonolojia, mofolojia, isimujamii na fasihi simulizi. Maarifa hayo hayapaswi kuishia katika ukumbi wa mitihani.

Ni kweli kwamba samaki mbichi hukunjika kwa urahisi. Lakini mpishi wa pwani hamtupi ng'onda kwa kuwa amekauka. Humroweka kwanza, akampa muda wake, kisha akampika. Bibi atakayeusoma ujumbe wa simu yake bila kumwita mjukuu atakuwa ushahidi tosha kwamba muda huo haukupotea.